Nahamishwa Wapi?

Simu ya kwanza iliingia saa mbili usiku nikiwa jikoni namenya matoke. Ilitoka Malaba, kwa kijana wetu wa klaringi.

"Dada, samahani kukusumbua usiku huu. Nimeiona barua yako. Sasa mimi nahamishwa wapi?"

"Barua gani?"

Akanisomea neno kwa neno, kama karani wa mahakama: "Wafanyakazi wote mnajulishwa kuwa zoezi la uhamisho litafanyika Ijumaa tarehe 19 Septemba. Kila mwenye akaunti atahamishwa. Tafadhali jiandaeni." Akanyamaza kidogo. "Mke wangu amejifungua juzi tu, dada. Kama ni Elegu, nataka niongee na bosi mapema."

Sikucheka. Kabla sijamaliza kumweleza, simu nyingine ilikuwa inasubiri: mama wa hesabu wa Busia, ambaye huniita mwanangu hata anapogomba. Elegu haikumsumbua. Alichoogopa ni benki. "Mwanangu, akaunti yangu inahamishwa, na mimi nina mkopo wa mshahara pale. Nani amewaruhusu?"

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Septemba 2025. Nilichotaka kusema kilikuwa kidogo tu: akaunti za kompyuta za kampuni, zile tunazofungulia mashine asubuhi na kusomea barua pepe, zinatoka kwenye seva yetu kuukuu ya Kampala na kwenda kwenye huduma ya mtandaoni. Nikachagua maneno mawili, uhamisho na akaunti, na yote mawili yalikuwa na wenyewe tangu zamani. Akaunti ni ya benki. Uhamisho ni wa mtu na mizigo yake.

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote. Baba yangu alikuwa polisi. Nimekulia kambini, Tororo na kwingineko, na Kiswahili changu ni cha huko. Kwetu uhamisho ulikuwa godoro lililofungwa kamba juu ya lori, kuku ndani ya kapu, na shule mpya katikati ya muhula. Barua yenye neno hilo ikifika, mama alikaa chini kwanza ndipo aulize ni wapi. Leo nimewaandikia watu mia na arobaini neno lilelile, nikatia saini, nikaenda zangu kumenya matoke.

Niseme kidogo tulivyo. Kazi yetu ni kutoa mizigo forodhani na kuisafirisha. Makao makuu yako Kampala, vituo viko mipakani: Malaba na Busia kwa upande wa Kenya, Mutukula kwa Tanzania, na Elegu kwa Sudan Kusini. Kampala kila barua ni Kiingereza. Mipakani karatasi ni Kiingereza, lakini kazi yenyewe, ya kubishana na dereva aliyetoka Mombasa na kumbembeleza mpakizi aliyechoka, inakwenda kwa Kiswahili. Katiba ilishakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo Kampala bado wako watu, wazee hasa, ambao wakisikia Kiswahili hukaa wima kana kwamba mbele kuna kizuizi cha barabarani. Kwao ni lugha ya askari. Basi nilikuwa naandika barua mbili: ya Kiingereza kwa Kampala na ya Kiswahili kwa vituo. Ya vituo niliitafsiri saa kumi na moja jioni, mkoba begani.

Ile ya Kiingereza haikuwa bora, ilikuwa mbaya kwa namna yake. Aya ya kwanza ilieleza kwamba ifikapo 14 Oktoba 2025 Microsoft itaacha kuihudumia Exchange Server 2016, programu ya seva ya barua pepe ambayo ndiyo tuliyokuwa nayo, na siku hiyohiyo itaachana na Windows 10. Aya ya pili ilisifu huduma mpya. Ya tatu ilihusu usalama. Tarehe yenyewe ilikuwa ya nne. Hakuna mtu wa Kampala aliyenipigia, nikajipongeza kwamba wameelewa. Wiki iliyofuata nilipopita meza kwa meza niligundua hakuna aliyefika aya ya nne. Wale wa mipakani walionipigia kwa hasira usiku ndio pekee waliokuwa wamesoma.

Tangu siku hiyo kimya hunitia wasiwasi kuliko matusi.

Rasimu ya pili niliifupisha. Niliondoa uhamisho, nikaweka "kubadilisha akaunti ya kompyuta", nikaongeza kwamba mshahara haumo. Nikaweka linki ya kubofya ili mtu ajiandikishe, na nikakaza sauti kidogo kwenye mstari wa mwisho: asiyefanya hivyo kabla ya tarehe 19, akaunti yake itafungwa. Nikaituma saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu Hajji wa stoo ya Malaba alinipigia, amefurahi.

"Binti, kuna matapeli wamelitumia jina lako. Nimeshawafuta."

"Ilikuwa barua gani, Hajji?"

"Ile ya kusema tubofye, tusipobofya tutafungiwa. Ulitufundisha mwenyewe."

Alikuwa sahihi kabisa. Mwezi Mei nilikuwa nimezunguka vituo vyote na picha zangu ukutani, nikawafundisha kumtambua tapeli: barua inakuja ghafla, inakutisha, inakupa siku chache, inakupa mahali pa kubofya na kuweka nenosiri. Rasimu yangu ilikuwa na vyote vinne. Ningekuwa mwizi nisingeiandika vizuri zaidi. Na watu hawa hawakulisubiri somo langu. Pesa za simu zipo Uganda tangu 2009, MTN ilipoanza, na sijui mtu mzima ambaye hajawahi kupigiwa na mgeni mpole anayesema pesa zimekuja kwako kwa makosa, mzee, zirudishe. Wameumia, wakajifunza. Sasa anakuja mtu wa kompyuta kutoka Kampala anaomba hayohayo waliyojifunza kukataa.

Nilimwambia Hajji asante. Nikaondoa linki, na nikaapa kwamba katika jambo hili lote hakuna ujumbe wowote kutoka kwangu utakaokuwa na kitu cha kubofya. Kila kituo kingepata karatasi kwenye ubao wa matangazo, yenye saini ya mkuu wa kituo ambaye watu wanamwona akinywa chai, na karatasi ingesema wazi kwamba hakuna atakayekuuliza nenosiri lako, hata mimi nikipiga simu na ukaitambua sauti yangu. Halafu nikaomba gari niende mwenyewe. Bosi aliuliza kwa nini nitumie mafuta ya kwenda zaidi ya kilomita 200 kusema jambo linaloweza kuandikwa. Nikamwambia nimeshaliandika mara mbili.

Safari ya Malaba naipenda, ukiondoa malori. Ukipita Namawojjolo bila kununua kuku wa kijiti huna nidhamu, una kiburi tu. Nilifika kabla ya chakula cha mchana, na kwa kosa langu jingine nikawa nimepanga mkutano saa saba, siku ya Ijumaa. Hajji na wenzake wawili hawakuwepo, bila shaka, walikuwa msikitini. Nikarudia saa tisa kwa ajili yao, na mkutano ule wa pili wa watu watatu ulikuwa bora kuliko wa kwanza.

Lakini niliyejifunza kwake zaidi ni yule mama wa hesabu. Nilimkuta Busia kesho yake, Jumamosi, ofisi tupu, feni inazunguka kivivu. Ameweka kompyuta yake kama watu wanavyoweka sebule. Picha ya mbele ni binti yake siku ya mahafali, kofia imekaa upande. Juu ya picha hiyo zimejaa faili, mstari juu ya mstari, kiasi kwamba uso wa binti unachungulia katikati yao kama mtu aliye dirishani. Kila faili ina jina ambalo yeye peke yake analielewa: "mwisho", "mwisho kabisa", "hii ndiyo". Nikaanza maelezo yangu ya seva. Akaniacha nimalize. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, nikifika Jumatatu, nikakaa hapa, nikawasha. Nitaona nini?"

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima kuhusu kazi yangu mimi, inatoka wapi inakwenda wapi. Hakuna mstari uliohusu macho yake Jumatatu asubuhi. Na jibu la kweli lilikuwa baya: angeona kompyuta tupu.

Kompyuta haimjui mtu kwa jina. Ndani yake kila mwenye akaunti ana namba ndefu, na namba hiyo ndiyo mwenye nyumba. Akaunti mpya huja na namba mpya, hata kama jina ni lilelile herufi kwa herufi. Kwa hiyo Windows inamwona kama mgeni aliyeingia leo, inampa chumba kipya: picha ya kiwandani, desktopu isiyo na faili hata moja. Vitu vyake vya zamani havijaguswa. Vipo kwenye diski ileile, ndani ya folda yenye jina lake la zamani, chumba cha pili kilichofungwa mlango. Mimi nilijua hilo na nilipanga kuvihamisha vitu usiku wa Jumamosi. Ila mashine zilikuwa nyingi na usiku ni mmoja, na kama ningechelewa kwake, mwanamke huyu angewasha Jumatatu akamkosa binti yake na hesabu za miezi tisa kwa mpigo. Nani angemlaumu akipiga yowe?

Tulikaa saa nzima. Alinionyesha pia kitu ambacho hakikuwa katika orodha yangu yoyote. Alifungua Chrome, akaingia kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato bila kuandika chochote. Nenosiri lilijijaza lenyewe.

"Hili unalikumbuka?" nikamuuliza.

"Kulikumbuka kwa nini? Lipo humo."

Lingepotea. Maneno ya siri ambayo kompyuta imeyahifadhi hubaki katika chumba cha zamani. Na akibofya kuomba jipya, ujumbe unakwenda kwenye anwani ya barua pepe aliyojiandikisha nayo, ambayo kwa wafanyakazi wetu wengi wa muda mrefu ilikuwa anwani ya zamani ya kampuni, yenye jina tulilokuwa tumeacha kulitumia na ambayo nilipanga kuizima ili tuokoe gharama. Fikiria lori liko getini Malaba, hati haiwezi kutumwa kwa sababu nenosiri limepotea, na barua ya kulirudisha inagonga nyumba niliyoibomoa mwenyewe Jumamosi. Sikuizima. Bado inapokea mpaka leo, na naomba bosi asisome hapa.

Niliporudi Kampala nikaandika barua ya tatu. Ilianza hivi: "Jumatatu tarehe 22 Septemba ukiwasha kompyuta, utaona mambo matatu mageni." Nikayataja kwa lugha ya macho: picha yako ya mbele haitakuwepo, mashine itakuomba nenosiri jipya ulilopewa na mkuu wa kituo mkononi, halafu itakuomba namba ya tarakimu sita kutoka kwenye simu yako. Faili zako zipo, zitarudi ifikapo saa nne, zisiporudi nipigie. Kabla ya Ijumaa andika mahali salama maneno ya siri ya tovuti unazotumia. Mshahara wako haumo katika jambo hili. Hakuna mtu anayehamishwa kituo. Sababu ya yote hayo, ile ya Microsoft na Oktoba, niliiweka chini kabisa kwa sentensi moja, na hakuna aliyeiulizia.

Tarehe nayo ilikuwa na kesi yake. Mimi nilitaka mwanzoni mwa mwezi. Watu wa hesabu walikataa katakata, kwa kuwa ritani za kodi za VAT na PAYE mwisho wake ni tarehe 15 na kabla ya hapo hawataki kuguswa hata kiti. Mwisho wa mwezi kuna mishahara. Ikabaki wiki moja katikati, na humo tukaingia.

Na saa. Karatasi ya Kampala iliandika saa kwa Kiingereza, yangu ikasema saa 12 jioni, ni saa ileile. Mtu mwema wa Busia akaifupisha kwa ajili ya kundi la WhatsApp: "Ijumaa saa 12 mashine zinazimwa." Jioni ikaanguka njiani. Wenye kuhesabu saa za Kiswahili walielewa. Wawili waliozoea saa za simu walizima adhuhuri, wakaenda kula, hawakurudi. Walinijibu kwa utulivu wa mtu mwenye ushahidi: ilikuwa saa 12, imeandikwa hapa.

Jambo la namba sita lilileta maneno kuliko yote. Tulitaka kila mtu aweke programu kwenye simu yake, ile inayotoa namba mpya kila baada ya sekunde thelathini. Swali la kwanza, kila kituo nilichofika, bila kukosa: "Bosi ataona WhatsApp yangu?" Nilipolisikia Malaba nilijibu haraka, hapana, kama mtu anayefukuza nzi. Nilipolisikia Mutukula nikaona nimekosea kulijibu hivyo. Mtu anaombwa kuweka kitu cha kazi kwenye simu aliyonunua mwenyewe, ambamo mna ugomvi wake na shemeji na picha za watoto. Ana haki ya kujibiwa taratibu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 yenyewe inataka mtu anayechukuliwa taarifa aambiwe zinachukuliwa kwa kazi gani. Basi nikatoa simu yangu, nikaizima data mbele yao, nikafungua programu ile: namba zinaendelea kubadilika. Haina intaneti, haimwambii mtu kitu, inahesabu tu. Hiyo ilifanya kazi kuliko maelezo yote.

Swali la pili lilikuwa la bando. Kuipakua kunatumia data, na data yetu ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. "Kazi ya kampuni kwa bando langu, dada?" Sikuwa na jibu, nikampelekea bosi. Alilipa. Fedha yenyewe ilikuwa ndogo, lakini baada ya hapo watu walisikiliza kwa sikio jingine.

Askari wa geti na wapakizi wachache wana katochi, simu ya batani yenye tochi ambayo haijui programu ni nini. Hao walipangiwa kupata namba kwa ujumbe mfupi. Hapo nikakuta kwamba namba za simu zilizoko ofisi ya utumishi ni za miaka ya nyuma, na mipakani mtu ana laini ya Uganda na laini ya Kenya na huzibadilisha kulingana na anayempigia. Nililizungukia hilo kwa daftari na kalamu, mtu mmoja mmoja. Hakuna njia nyingine.

Kisha VPN, ile programu inayoufanya mtandao ukuone kama uko nchi nyingine. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, wiki ya uchaguzi, na watu hawajaacha kuitumia. Wameweka VPN na maisha yanaendelea. Shida ni kwamba mtu anapoingia kwenye akaunti ya kazi huku VPN imewashwa, mfumo mpya unamwona yuko Amsterdam. Dakika tano baadaye kompyuta yake ya mezani iko Mutukula. Mfumo unahitimisha kwamba ameibiwa, unamfungia. Nilihitaji kuwaambia watu wazime VPN, bila kuwauliza kwa nini wanayo. Niliandika: "Kama simu yako ina VPN, izime unapoingia kazini. Sisi hatuulizi." Nasikia mstari ule wa mwisho ulipigiwa makofi Busia. Meneja mmoja wa Kampala, ambaye sitamtaja, alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango, na akaniuliza kwa sauti ya chini inazimwaje.

Wikendi yenyewe haina hadithi. Umeme ulikatika Malaba Jumamosi usiku, jenereta ikawaka, tukaendelea. Nililala kwenye kiti. Jumatatu saa mbili asubuhi simu zikaanza, nyingi zikiwa za mambo madogo: mtu ameandika nenosiri kwa herufi kubwa zote, mtu anamwandikia mwenzake wa meza ya pili na barua inarudi kwa sababu kompyuta yake inajikumbusha anwani ya zamani. Hilo la mwisho nililijua na nililisahau kwenye karatasi. Mama wa hesabu hakupiga mpaka saa nne na dakika tano. "Mwanangu, faili zimekuja zote. Mtoto wangu je?" Nikamwelekeza kwa simu, bofya hapa, chagua hii, hadi nikasikia akicheka.

Elegu hawakupiga kabisa.

Elegu safari hii sikuwa nimekwenda. Ni mbali, mafuta yalikuwa yameshasemwa sana, nikaona simu itatosha. Wiki moja kabla nilimpigia mkuu wa kituo nikamuuliza kama barua imeeleweka. Akasema, "Tuko sawa." Mtu wa kambini kama mimi ajue kwamba "tuko sawa" ni salamu. Si ripoti.

Saa tano nikawapigia. Walikuwa wameketi nje wanaangalia malori. Wanne, wote hawawezi kuingia. Nikauliza wanaandika jina gani. Wakanitajia jina la mtu nisiyemjua. Nikatazama orodha ya mishahara, hayumo. Nikauliza ni nani. Kimya, halafu mkubwa wao akasema, "Huyo ni mzee aliyekuwa hapa. Alikwenda kufanya biashara yake Juba, miaka saba sasa."

Wote wanne walikuwa wakitumia akaunti yake. Walikuwa na akaunti zao, nimezifungua mwenyewe kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyewahi kuzifungua tangu siku ya kwanza, kwa sababu kompyuta ilikuwa tayari imewashwa kwa jina la mzee na kazi ilikuwa ikienda. Barua zangu zote tatu zilikwenda kwenye masanduku ambayo hayajawahi kufunguliwa. Ile ya ubaoni waliisoma, naam. Ilisema, "Utaingia kwa jina lako lilelile." Wakaandika jina lilelile. Na mimi nilikuwa nimechukua orodha ya utumishi, nikahamisha waliomo, na asiyekuwemo nikamwacha kwenye seva iliyozimwa. Kituo kizima kiliendeshwa na mtu ambaye kwenye karatasi zangu hayuko.

Tulipoteza siku ile hadi saa tisa alasiri. Niliiwasha seva tena, nikamtoa mzee humo, na kesho yake asubuhi nikapanda basi la kaskazini bila kuomba ruhusa ya mafuta. Nikawakalisha mmoja mmoja kwenye akaunti yake, tarakimu sita, picha ya mbele, kila kitu. Hakuna aliyelalamika. Ila tulipomaliza, mkubwa wao aliniita pembeni.

"Dada, na mzee utamfuta?"

Nikamweleza kwamba mtu aliyeondoka kazini hawezi kuwa na akaunti, ni hatari, mkaguzi akija nitasema nini.

"Wateja wa Juba wanamjua yeye. Sisi hawatujui."

Nilifikiri kidogo. Nikaigeuza akaunti yake kuwa sanduku la pamoja: halina nenosiri, hakuna anayeingia kwa jina lake, lakini barua zinazoandikwa kwake wanaziona wote wanne, na kila anayejibu anajulikana ni nani. Wakaridhika.

Idi iliyopita kuna mteja alimwandikia mzee kumtakia sikukuu njema yeye na familia. Kijana mdogo kuliko wote pale ndiye aliyejibu. Aliniambia alitafuta la kusema akakosa, akaandika tu: "Nanyi pia. Mzee anawasalimu."